Shingo ya Shangazi

Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa anayokula. Kikibaki cheusi siku mbili tatu, ujue kala nyama tupu. Kikiwa chepesi chenye utelezi, kuna jambo tumboni na daktari aitwe. Hayo niliyajua kabla sijajua kitu kingine chochote kuhusu kazi hii, maana miezi minne ya mwanzo nilipewa reki, ndoo, chepeo na daftari. Kila asubuhi nasafisha banda, naangalia, naandika. Nami nilikuwa nimekuja kufundisha wanyama! Nilikuwa na miaka 24, nina diploma ya mifugo, na kichwani nilishajiona nimesimama mbele ya simba na fimbo mkononi.

Hiyo ilikuwa 2017, kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi huko Kigamboni, ndani kabisa, lami ikishakwisha. Kwetu ni Buguruni. Saa kumi alfajiri natoka nyumbani, napanda daladala mpaka Kivukoni, navuka kwa pantoni kwa shilingi 200, halafu daladala nyingine, halafu bodaboda. Saa moja kasorobo niwe nimeshavaa mabuti. Mshahara wa mwanzo haukufika laki tatu, na nauli ilikula sehemu kubwa.

Aliyenipokea ni Mzee. Sote tulimwita hivyo tu. Alikuwa amekaa na wanyama zaidi ya miaka 30 na hakusomea chuo chochote. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitika, "Marahaba binti," akanikabidhi reki. Mwezi wa pili nikapata ujasiri wa kumwuliza lini nitaanza kufundisha. Naye akaniuliza: jana usiku Shangazi alilala kona ipi, na nyayo zake asubuhi zilitokea wapi kuelekea wapi? Sikujua. Akanirudishia reki yangu.

Shangazi ni fisi madoa, jike. Alifika pale mwaka 2008 akiwa mtoto yatima, kwa mikono ya maofisa wa wanyamapori na karatasi zake zote. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mwezi kuna kijana ananiuliza atapata wapi mtoto wa mnyama wa porini afuge nyumbani. Huwezi. Mnyamapori katika nchi hii ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa la jinai. Vibali siku hizi hutolewa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Jina la Shangazi alipewa kwa tabia yake. Kwa fisi madoa jike ndiye mwenye mji: ana mwili mkubwa kuliko dume, na dume hula akisharuhusiwa. Pale bandani aliishi na dume mmoja tuliyemwita Mpole. Kosa la kwanza nililokatazwa ni kumpa Mpole chochote kabla ya Shangazi, hata kipande cha utumbo, kwa sababu atakayelipia adabu yangu mbaya ni Mpole, usiku, sisi tukiwa tumelala.

Mwezi wa tano Mzee akaniambia ninunue kuku. Nikadhani ni chakula cha chatu.

"Tetea wa kienyeji, mzima, asiye na vifaranga," akasema. "Nenda naye kwenu. Mfundishe adonoe kifuniko chekundu cha soda, cha kijani asikiguse. Akishajua, njoo."

Iliniuma. Nilihisi ananicheza shere. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Marekani kulikuwa na mume na mke, Keller na Marian Breland, wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, waliofanya kazi ya kufundisha wanyama wa aina nyingi tangu miaka ya 1940, na kwamba wakufunzi wa njia hiyo huwapa wanafunzi wao kuku wa kuanzia. Sababu yake nimeijua kwa mikono yangu. Kuku ana haraka. Kichwa kinakwenda na kurudi kabla hujapepesa jicho, na ukichelewa, umemlipa kwa jambo jingine.

Chombo chenyewe ni filimbi. Filimbi kwetu haina maana ya "njoo" wala "kaa". Ina maana moja tu: hicho ulichofanya sasa hivi ndicho, na chakula kinakuja. Unaanza kwa kuipuliza na kumpa punje, kuipuliza na kumpa punje, hata mara mia, mpaka akiisikia tu anageuka kutafuta punje. Kuanzia hapo huruhusiwi kuipuliza bila kulipa. Ukiipuliza kwa bahati mbaya, unalipa. Hata kama nyama imekwisha, unakwenda kutafuta, unalipa.

Nyumba yetu Buguruni ni ya vyumba sita, wapangaji wanne, ua mmoja. Nilipanga vile vifuniko viwili juu ya ndoo iliyofunikwa, watoto wakajaa. Mama alikuwa anachambua mchele. Alinitazama muda mrefu, akasema taratibu, "Mwanangu, diploma yako ndiyo hii?" Sikuwa na jibu.

Siku tatu za kwanza yule tetea alijifunza kitu ambacho sikumfundisha: alikuwa anakwenda kwenye kifuniko, anageuka kushoto, anasimama na kunisubiri. Kila mara. Nikabadilisha mahali pa kukaa, bado anageuka kushoto. Mtoto wa jirani, darasa la sita, alikuwa amekaa chini amekumbatia magoti, ndiye aliyeniambia, "Dada, wewe unachelewa. Anadonoa, anageuka, ndo unapuliza." Nikatazama vizuri. Kweli. Kwa siku tatu nilikuwa namlipa kuku kwa kugeuka, na yeye, mwanafunzi mwema, amegeuka kama nilivyotaka.

Siku ya nne nilimfokea, akakimbilia nyuma ya pipa la maji na hakutoka mpaka magharibi. Siku ya tisa alidonoa chekundu mara 20 katika 20. Nikarudi kwa Mzee nimenyoosha shingo.

"Ulimpiga?"

"Hapana Mzee."

"Ulimfokea?"

Nikanyamaza.

"Akafanya nini?"

"Alijificha nyuma ya pipa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Magharibi."

"Fisi atajificha wiki mbili," akasema, na hapo ndipo aliponieleza kazi tuliyokuwa tunaelekea kuifanya.

Daktari wa mifugo alipotaka damu ya Shangazi, njia ilikuwa moja: mshale wa dawa ya usingizi. Mnyama anapigwa, anakimbia huku na huku kwa hofu, anaanguka, anapimwa. Joto la Dar es Salaam unalijua. Mnyama wa kilo 55 aliyelala kwa dawa mchana wa Januari anaweza kuchemka mwili asiamke, kwa hiyo unakaa pembeni na madumu ya maji unammwagia huku unasoma kipimajoto. Akiamka, analichukia banda lake na kila binadamu, anakaa siku nyingi bila kutoka pangoni. Mzee alitaka Shangazi aje mwenyewe, ageuke ubavu, aegemeze shingo kwenye wavu, atolewe damu akiwa macho, na aweze kuondoka wakati wowote akitaka. Hilo la mwisho alilirudia. Hakutakuwa na kamba wala mlango wa kumbana. Akitaka kuondoka katikati ya sindano, aondoke.

Tulianza Machi 2018.

Hatua ya kwanza ni kugusa mpira kwa pua. Mpira mdogo umefungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, unaupitisha karibu na wavu, akiugusa unapuliza, unampa kipande cha moyo wa ng'ombe kwa koleo refu. Nyama ilitoka Vingunguti machinjioni, na vile vipande vilipunguzwa kutoka kwenye chakula chake cha siku, havikuongezwa wala yeye hakuwahi kushindishwa njaa. Wapo wanaofundisha kwa njaa. Mimi nasema wazi kwamba huo ni ukatili, na tena haufai hata kwa kazi yenyewe, kwa sababu fisi mwenye njaa hafikiri, anafikiria nyama tu.

Wiki ya pili akauchomoa mpira kwenye fimbo, akaenda nao mpaka kwenye hodhi la maji, akautumbukiza. Tukafunga mwingine. Akautumbukiza. Mpira wa sita ulipoingia majini nilikuwa karibu kulia. Mzee akaniuliza fisi porini akishiba na nyama ikabaki, anaiweka wapi? Anaizamisha kwenye dimbwi, wengine wasiinuse. Kumbe kwa Shangazi mpira ulikuwa umeshaacha kuwa mpira, umekuwa nyama, kwa kuwa kila ukitokea nyama inafuata. Wale akina Breland waliandika habari kama hii mwaka 1961, juu ya nguruwe na rakuni, mnyama mdogo wa porini wa kwao Marekani, waliofundishwa kubeba sarafu wakaishia kuzifukua na kuzisugua kama chakula. Hatukumwadhibu. Tulibadilisha mpira tukaweka kibao cha mti, kipana, kisichobebeka, kazi ikaendelea.

Toka kugusa mpaka kutulia kwa sekunde tatu: wiki tano. Toka tatu mpaka kumi: mwezi. Kugeuka ubavu. Kusogea mpaka manyoya yaguse wavu. Pale kwenye wavu tulitengeneza dirisha dogo la kuingia kiganja. Tukaanza kumgusa kwa kijiti, kisha kijiti kifupi, kisha kidole. Siku niliyogusa shingo yake kwa kidole kwa mara ya kwanza nilishangaa joto lake na ugumu wa ile misuli. Kisha pamba kavu. Kisha pamba yenye spiriti, na hapo tukakwama wiki tatu, kwa sababu pua ya fisi inaisikia spiriti kama wewe unavyosikia pilipili inayoungua. Mzee aliweka kitone kimoja kwenye pamba iliyokaa mita nne kutoka wavuni, kila siku tunaisogeza kwa kiasi cha shubiri. Kisha mlio wa mashine ya kunyolea, ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa mbali, ikiwa karibu. Kisha sindano butu.

Vyote hivyo kwa dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Ukizidisha, anachoka na wewe unakuwa na tamaa.

Nieleze na la makufuli, ingawa ni aibu yangu. Juni ile niliacha kufuli la ndani wazi. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa, hakuna kilichotokea. Mzee alilikuta. Hakuniambia neno, alinyoosha mkono tu nikampa funguo, na sikuzishika tena kwa mwezi mzima. Tangu siku hiyo nafunga huku nasema kwa sauti, hata nikiwa peke yangu: la ndani limefungwa, la nje limefungwa. Sijawahi kuingia bandani pamoja na Shangazi. Miaka yote hii, sehemu ya mwili wake niliyowahi kuigusa akiwa macho ni ile inayoenea kwenye dirisha la kiganja. Watu wakisikia hivyo huvunjika moyo. Wanataka picha ya kumkumbatia. Meno yale yanavunja paja la ng'ombe, na upendo wangu kwake haubadilishi hilo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, Aprili. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali, Jangwani ilifurika, na mwenzangu wa zamu anakaa Magomeni, ng'ambo ya pili ya maji. Nilikuwa nimelala kazini. Usiku saa nane Mama akapiga simu: Bibi amefariki. Bibi mzaa mama, aliyenilea mpaka darasa la tatu. Maziko baada ya adhuhuri.

Alfajiri nilikuwa mimi na Mzee, na Mzee alikuwa na homa. Wanyama 40 na zaidi. Niligawa nyama, nikabadilisha maji, nikasafisha, nikaandika daftari, nikafunga la ndani, nikafunga la nje. Bodaboda ikakwama kwenye tope, nikatembea mpaka kwenye lami. Nilipofika Buguruni jeneza lilikuwa limeshatoka. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, uani pale pale nilipomfundishia kuku. Nilikuwa nanuka nyama, najua. Mama hakusema kitu, alinivuta nikalala mapajani kwake. Mama mdogo ndiye aliyeniuliza, bila kupandisha sauti:

"Fisi wako wamekula?"

Nikamjibu, "Wamekula, mama mdogo."

Mpaka leo simchukii kwa swali lile. Alikuwa na haki ya kuuliza. Idi mbili kabla ya hapo nilikuwa zamu, harusi ya binamu nilikuwa zamu. Mnyama hajui sikukuu. Mwenye kutaka kazi hii aongee na watu wake mapema, kabla msiba haujamkuta, wakubaliane. Mimi sikufanya hivyo.

Nilirudi baada ya siku tatu za matanga. Nikajipanga kufundisha kama kawaida. Shangazi alitoka pangoni, akaniona, akasimama katikati ya banda, manyoya ya mgongo yamesimama, hakusogea. Nikamwita. Akarudi pangoni.

"Leo hufundishi," Mzee akasema.

"Niko sawa Mzee."

"Wewe uko sawa. Pumzi yako haiko sawa. Kafagie kwa kobe."

Nikaenda kufagia kwa kobe. Nililia huko, nao wanakula mchicha wao. Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu: kabla ya kipindi nakaa kwenye jiwe nje ya banda, nasikiliza mwili wangu. Kama mabega yamepanda, kama nimetoka kugombana na konda, kama nina haraka, sifundishi. Kwenye daftari naandika: leo hakuna kipindi, sababu ni mimi. Katika miezi 14 niliandika sentensi hiyo mara 31.

Ilitakiwa iwe 32. Novemba walikuja wageni wakubwa, gari tatu. Uongozi ukauliza kama tunaweza kuwaonyesha fisi anayetolewa damu. Mzee hakuwepo siku ile. Ningesema bado. Tulikuwa kwenye sindano butu, na kwa mashine ya kunyolea alikuwa hajatulia. Lakini watu walikuwa wamesimama wananitazama, na mimi nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri mwaka mzima na zaidi bila mtu wa kunitazama. Nikasema inawezekana.

Shangazi alikuja. Akageuka. Masikio yalikuwa yamelala nyuma, anajiramba midomo, uzito wote uko miguu ya nyuma. Aliniambia kila kitu. Nikayaona yote na bado nikapuliza filimbi, yaani nikamlipa kwa woga wake. Daktari akachoma. Alijirusha, sindano ikapinda, akaanza kutoa ile sauti ya kicheko. Wageni wakacheka naye. Fisi hacheki. Anatoa sauti ile akiwa amebanwa, ana hofu na hana pa kwenda. Nilisimama pale na koleo langu la nyama, watu wanacheka, na nilijua nilichokifanya.

Wiki 11 hakuleta shingo. Alikuja kula tu, akinitazama kwa upande. Mzee aliporudi nilimweleza bila kuficha. Aliuliza swali moja, "Ulimwona masikio?" Nikasema nilimwona. Alikaa kimya muda mrefu kuliko siku ya kufuli. Kisha tukaanza tena kutoka kwenye kibao, sekunde tatu.

Mara nyingi vijana huniuliza hii kazi inasomewa wapi. Wanyamapori unaweza kusomea Mweka, chuo kilichoanza 1963 chini ya Kilimanjaro, au Pasiansi Mwanza, au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Utatoka unajua uhifadhi, sheria, magonjwa, na vyote utavihitaji. Kufundisha mnyama kama fani yenyewe, wenzetu wa California wana chuo cha Moorpark chenye kozi hiyo tangu 1974, na wanafunzi wake wanahudumia wanyama kila siku ya mwaka, sikukuu zikiwemo. Lakini usidhani kwetu hakuna. Pale Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi, tena kwa njia ile ile: mlio, kisha chakula. Magawa, panyabuku aliyezaliwa Morogoro, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Wakufunzi wake walikuwa Watanzania, walikaa na panya yule tangu akiwa mdogo wa wiki chache, siku baada ya siku, kwa miezi. Nilipokwenda kuwatembelea nilitazama mikono yao. Hakuna aliyechelewa.

Jumatano moja ya Mei 2019, tuko katika Ramadhani, nimefunga, moyo wa ng'ombe mkononi. Shangazi akaja, akageuka, akaegemea wavu. Masikio yamesimama. Mzee alikuwa pembeni anatazama miguu yake ya nyuma, daktari kwenye dirisha. Spiriti. Sindano. Sekunde 12, mililita tano za damu. Alipepesa macho mara moja. Nikapuliza. Mzee hakushangilia, alisema tu, "Mpe chake." Nikampa moyo mzima.

Manyoya tuliyomnyoa shingoni yalihesabiwa, yakaandikwa, yakachomwa moto mbele ya watu wawili. Tunafanya hivyo kila mara, na kinyesi tunakifukia kwenye shimo lenye kufuli. Nimeshafuatwa mpaka kwenye pantoni na mtu aliyenipa ofa ya mshahara wa miezi mitatu kwa kipande cha ngozi na manyoya mawili matatu, ya dawa. Kwa sheria hizo ni nyara za Serikali. Kwangu ni zaidi ya sheria. Huko mtaani kwetu wapo wanaoamini fisi ni punda wa wachawi, na walikuwepo wapangaji waliohama ua wetu kwa sababu yangu. Siwezi kumbadilisha kila mtu. Naweza kuhakikisha hakuna unywele wa Shangazi utakaofika kwa mganga kwa mkono wangu.

Mwaka 2022 taya lake lilivimba. Zamani ungekuwa mshale. Alikuja mwenyewe, akafungua mdomo kwenye wavu kama tulivyokuwa tumemfundisha mwaka uliotangulia, daktari akamulika tochi akaona jino limepasuka mpaka kwenye mzizi. Dawa ya usingizi tulimchoma kwa mkono, alfajiri kukiwa na baridi, akalala mbele yangu taratibu. Jino likang'olewa. Jioni ya pili yake alikuwa amekaa mahali pake pale wavuni, ananisubiri.

Mzee amestaafu, amerudi kwao Lindi. Hunipigia Jumapili, na baada ya salamu swali la kwanza ni la kinyesi.

Tangu mwanzo wa mwaka huu Shangazi alianza kukikosa kibao. Pua inapita pembeni, kiganja kizima. Wiki nzima nilidhani ni ukaidi wa uzee, nikarudia, nikarudia, mpaka jioni moja jua likampiga usoni nikaona wingu jeupe kwenye jicho la kushoto, na la kulia linaanza. Mtoto wa jicho. Wiki nzima! Nilikaa kwenye lile jiwe nikamkumbuka yule mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo nimekata mwanzi. Nagonga wavu mara mbili, nasubiri. Jumatatu alikuwa amelala kivulini, akainua kichwa, masikio yakageuka kuelekea mlio, akasimama, akaja hatua tatu, akasita. Nikapuliza. Nikamrushia kipande pale pale aliposimama. Nikafunga la ndani, nikafunga la nje, nikaandika: hatua tatu.